Idi bin Murad na Neno la Bumbwini

Ndugu zetu mliotufikia hapa Al-Safa, Jeddah, leo siku ya tatu, mliosafiri kutoka Riyadh na mliotoka mlango wa pili, haya mtakayoyasikia ni maneno yangu mimi Mwatima, mke wa marehemu, nimeyasema kwa mdomo na binti yangu Arwa akayaandika, na anayeyasoma ni mwanangu wa kwanza, Yazid, kwa kuwa mimi nimo ndani ya eda, na hata nisingekuwemo, skuli sikwenda, nilichosoma ni juzuu basi. Kwetu watu wa Unguja hatuna ada ya kumsomea maiti historia yake, tunasoma khitma, tunakula, tunaagana, lakini Damaris, binti wa Kikenya anayefanya kazi nyumba ya jirani, aliyefika kunishika mkono siku ya msiba kabla ya wengi wenu, aliniambia, "Shosho, kwetu hakuna mtu anazikwa tu hivi hivi, lazima historia isomwe, ndio watu wajue wamezika nani," nami nikaona kasema kweli, khasa kwa mtu huyu, ambaye umri wake wote alikuwa akikusanya historia za wengine, na ambaye ana jambo moja nataka mlisikie kutoka kwetu, msije mkalisikia barazani limeshatiwa chumvi.

Idi bin Murad alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 12 Machi 1942, Kikwajuni, mjini Unguja, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Murad, fundi cherahani, na Bi Arwa, ambaye binti yetu amerithi jina lake, mwanamke ambaye kila ukiingia Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, alikuwa akiroweka mchele, akiutwanga, akiuchanganya na sukari na tangawizi, akifinyanga ladu na kuwagawia watoto wa chuo cha Kurani kuwa ni sadaka ya wazee wake waliotangulia, na watoto wakiitikia amin huku midomo imejaa. Chuoni alitiwa akiwa na miaka sita, skuli ya serikali aliianza mwaka 1949 akaimaliza mwaka 1959, na mwalimu wake mmoja, alivyokuwa akinihadithia mwenyewe, alikuwa akimwambia, "Wewe Idi, unauliza maswali kama polisi, siku moja utamkamata mtu."

Mwaka 1961 aliajiriwa msaidizi wa stoo katika kituo cha Wamarekani kule Tunguu, kilichokuwa kikifuatilia vyombo vyao vya angani vikipita juu ya Unguja, na wenzake walifurahia mshahara na viatu, yeye akafurahia maneno, kwani palikuwa na fundi mmoja wa mitambo akiitwa Cliff, ambaye siku moja alimwuliza anatoka wapi, akacheka, akamwambia, "Basi mimi na wewe majirani, mji wa bibi yangu umejengwa kwa pembe za ndovu zilizotoka bandarini kwenu, zilikuwa zikichongwa pale zikawa vibonye vya piano," na Idi akarudi nyumbani mbio kumwambia mama yake, naye mama yake akafungua kabati, akatoa kipande cha kitambaa cha merikani cha zamani, akamtupia, "Na hii je, unadhani jina lake imelipata wapi, imelipata Chwaka?" Tangu siku ile Amerika kwake haikuwa tena ya majumba marefu na mabunduki ya sinema, ilikuwa ni nyumba ambayo milango yake ya mbele kila mtu anaijua, na yeye akaanza kutafuta milango ya uani.

Ya mwezi wa Januari 1964 mnayajua, sina haja ya kuyafukua hapa, mwezi wa Aprili Wamarekani walifungasha mitambo yao, mwezi wa Juni Idi akamchukua mama yake wakaondoka kupitia Mombasa, na tarehe 9 Februari 1965 wakaingia Jeddah, ambako alipata kazi ya ukarani katika ghala moja la bidhaa karibu na bandari. Tulioana Ijumaa tarehe 17 Novemba 1967, hapa hapa Jeddah, baada ya mama yangu kumhoji kwa saa nzima nyuma ya pazia, "Kazi yako nini?" akajibu anaandika barua za watu, "Na huyu binti yangu hajui hata kuandika jina lake, mtakutana wapi nyinyi?" naye akajibu, "Yeye atasema, mama, mimi nitaandika," na mama yangu akageuka akaniambia, "Mchukue, anajua kujibu." Mungu alituruzuku watoto watatu, Yazid mwaka 1969, Amal mwaka 1972 na Arwa mwaka 1980, na wajukuu tisa, na mama yake Idi aliishi nasi hadi alipofariki mwaka 1984.

Mwaka 1979 tulihamia Riyadh, tukapanga Al-Shumaisi, naye akafanya kazi ya kufasiri barua katika afisi moja ya makandarasi Olaya hadi alipostaafu mwaka 2002, na kafili wake, yaani mdhamini wake wa kazi, Mungu amrehemu, alikuwa akimkuta na kitabu chini ya faili, akimwambia, "Ya Idi, nimekuletea ikama ya kukaa hapa kama karani, wewe umekuja kunifanyia utafiti," lakini hakumfukuza, maana barua zake zilikuwa hazina kosa. Kila mwaka msimu wa Hija ukifika alikuwa akiomba likizo yake yote, akija Jeddah kuwa mkalimani wa mahujaji wanaotoka Amerika, akikaa nao uwanja wa ndege saa kwa saa wakisubiri mabasi, akiwauliza bibi zao walikuwa nani na babu zao walifanya nini, na hapo ndipo alipojaza madaftari yake, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kama tulivyofundishwa chuoni, na alikuwa na utaratibu wake ambao hakuuvunja hata siku moja, ukurasa wa kulia aliandika alichosema mtu, neno kwa neno, hata kama hakielewi, na ukurasa wa kushoto akaandika anachodhani yeye.

Kutoka madaftari hayo alikuwa akituhadithia barazani Al-Shumaisi kila Alhamisi, kwamba jeshi la Amerika zamani liliagiza ngamia kutoka nchi za Waturuki, pamoja na wachungaji wao, wakapelekwa jangwa la huko, kwamba wakulima waliotoka Sham walijenga msikiti mdogo katikati ya mbuga za theluji, kwamba wachunga ng'ombe wengi wa kule, wale tunaowaona wazungu watupu kwenye sinema, walikuwa watu weusi, na wenzake wakimcheka, "Halas, Idi, na hao ngamia wako wa Amerika wana ikama?" naye akijibu, "Wanayo, kafili wao alikufa, wakatoroka," na hilo la kutoroka lilikuwa kweli, maana wengine waliachiwa wakapotelea nyikani. Nimeishi na mwanamume huyu miaka hamsini na saba na sikupata kumwona akimdharau mtu mwenye hadithi, awe mfagiaji, awe profesa, alimwekea kiti kile kile.

Sasa nafika pale penyewe. Mwezi wa Mei 1993, pale uwanja wa ndege wa mahujaji, nilikuwa nimemfuata nikamletea chakula, tukamkuta bibi mmoja wa miaka sabini na sita, Hajjat Zeinab, ametoka kisiwa kimoja cha pwani ya Georgia, miguu imemvimba, anasubiri basi, na Idi akamwuliza habari za wazee wake, naye akasema wazee wake walikuwa watumwa, hajui walitokea wapi, anachojua ni kuwa mama wa bibi yake mara moja kila mwaka alikuwa akiroweka mchele, akiutwanga kinuni, akitia sukari, akifinyanga vidonge na kuwagawia watoto, na watoto wakiitikia amin. Jamani, Idi aliruka kitini, akapiga mikono yake pamoja, akasema, "Hizo ni ladu! Hiyo ni sadaka ya mama yangu! Wewe mtu wa kwetu!" na hakuishia hapo, alimtazama yule bibi usoni, paji na mashavu, akasema kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, "Sura hii siipotezi, sura hii ni ya Bumbwini, kule shamba Unguja," na Hajjat Zeinab akamwomba aliandike neno hilo kwa herufi za Kizungu, akaliweka kifuani ndani ya nguo, akanikumbatia mimi ambaye sijui hata lugha yake, akalia mpaka bega langu likarowa, nami nikalia, na Idi akalia, na tulikuwa na haki ya kulia, kwani tulikuwa watu tuliofukuzwa kwetu, na mtu aliyefukuzwa kwao huona kwao katika kila sufuria ya watu.

Mwaka 1995 ilikuja barua yenye picha, ukoo mzima wa Hajjat Zeinab umekusanyika, watu arubaini na kitu, wamevaa fulana za kijani zimeandikwa Bumbwini kifuani, na Idi akaitundika sebuleni, kila mgeni lazima aione, na watu wa baraza wakamtania, "Idi, wewe utaifanya dunia nzima Bumbwini." Mwaka 2001 ikaja barua nyingine, kwamba Hajjat Zeinab amefariki, na juu ya jiwe la kaburi lake wameandika kuwa watu wake walikuwa wa Bumbwini, Zanzibar.

Mwaka 2011, Idi akiwa na miaka sitini na tisa, Arwa alimletea vitabu na makala za wanachuoni juu ya watu wa pwani ile ya Georgia, akavisoma kwa mwezi mzima, kisha siku moja nikamkuta anaishusha ile picha ukutani, nikamwuliza kama fremu imepata kutu, akasema, "Mwatima, nimewaharibia watu," akanieleza kuwa wazee wa watu wale wengi walitoka upande wa magharibi wa Afrika, kwenye mashamba ya mpunga ya kule, na Waislamu wa kule nao wanatwanga mchele, nao wanatoa sadaka, na mimi kwa ujinga wangu wa huruma nikamwambia, "Waache masikini, neno zuri halimuumizi mtu," naye akanijibu neno ambalo sitalisahau, "Nimewavisha kanzu ya mtu mwingine, Mwatima, na iko siku watavuliwa mbele za watu."

Kuanzia hapo mume wangu alikuwa na kazi moja duniani, kuwatafuta watu wale ili alirudishe neno lake kabla hajafa. Aliandika barua mwaka 2011, 2012 na 2014, zote zikarudi, kwa kuwa nyumba ya kisiwani ilikwisha uzwa, mwaka 2015 akanihamisha tukarudi Jeddah ili awe karibu na wageni, na kwa miaka minane, mzee na fimbo yake, alikuwa akienda kwenye mahoteli wanakofikia watu wa Umra kutoka Amerika, akiuliza kama yupo mtu wa kisiwa kile, na walinzi wakimwambia, "Yalla, ya haj, hapa si pa kukaa," naye akihama akakaa upande wa pili wa barabara. Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila akitoka kwenye mashine neno la kwanza kwa Arwa, aliyekuwa akiwatafuta watu wale mtandaoni, lilikuwa, "Pana lolote?"

Lolote likaja lenyewe. Mjukuu wa Hajjat Zeinab, jina lake Maryann, alikuja kusomesha Riyadh mwaka jana, akiwa na barua ya zamani ya Idi mkononi, akenda nayo Al-Shumaisi duka hadi duka, mpaka mwenye duka la pembeni anayetujua akampa namba ya Arwa, na siku ya Ijumaa tarehe 7 Februari mwaka huu wa 2025 aliingia hapa nyumbani na zawadi na furaha, akasema watu kumi na wawili wa ukoo wao wamejipanga kwenda Unguja mwezi wa Julai, kuiona Bumbwini, na wanamwomba mzee awaambie ni nyumba ya nani wabishe hodi. Yazid alimvuta baba yake pembeni, na wewe Yazid unayesoma usiimeze hii, isome kwa sauti, ukamwambia, "Baba, wewe mgonjwa, wape Bumbwini yao, wakifika watapokewa, watapikiwa, nani atakayeumia?" na baba yako akakujibu, "Ataumia yule bibi wa kweli, aliyetwanga ule mchele, ambaye mimi nimemfuta."

Akarudi, akakaa mbele ya yule binti, akamwambia yote, Arwa akininong'oneza kwa Kiswahili sikioni, na Maryann alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, hakukinywa wala hakukiweka chini, mwisho akasema, "Bibi yangu amelala chini ya jiwe lenye neno lako," Idi akasema, "Najua, ndilo lililonitembeza," Maryann akauliza, "Kwa hiyo sisi wa wapi?" Idi akajibu, "Sijui, binti yangu, na siku ile niliposema najua, nilikuwa sijui," na yule binti akasimama, akachukua mkoba wake akatoka, zawadi zake zikabaki mezani na sisi tukiziogopa kuzigusa. Mimi nilisema, "Huyo amekwenda, harudi," na Idi akasema, "Asiporudi ni haki yake, lakini hakwenda na uongo."

Ijumaa ya pili yake alirudi, hakutoa hata salamu ndefu, akasema, "Nisomee alichosema bibi yangu, kile ulichosema wewe sikitaki," na Idi akalitoa daftari la mwaka 1993, akamsomea kurasa za kulia peke yake, akimfasiria, na humo ndimo lilimotokea jina la yule mama wa bibi, ambalo sote tulikuwa tumelisahau kwa furaha ya Bumbwini, na ikatokea hesabu ya moja hadi kumi aliyokuwa akihesabia vidonge vya mchele, hesabu isiyokuwa yetu wala ya Waarabu, ambayo Idi aliiandika ukurasa wa kulia kama alivyoisikia, na wa kushoto akaandika, kwa mkono wake, "Bibi huyu kachanganya," na siku ile akaomba kalamu, akayakata kwa mstari maneno yake mwenyewe. Maryann aliipeleka hesabu ile kwa mwanachuoni mmoja kwao, naye akajibu kuwa inafanana sana na hesabu ya Wafulani wa Afrika Magharibi, lakini hawezi kuapa, na kijiji hawezi kukitaja, na Idi akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, akasema, "Huyo ndiye msomi, mimi niliwatajia mpaka kijiji."

Baada ya hapo Maryann alikuja mara tisa, akitoka Riyadh kwa ndege, hata Ramadhani alifuturu nasi, naye si Mwislamu, akaandika kwa Kiingereza kila ambacho Idi alimsomea, si cha bibi yake tu, bali cha mahujaji wote wa kwao waliopita mikononi mwa mume wangu kwa miaka ishirini na tatu, watu ambao hakuna aliyewauliza kabla yake. Mjomba wake mmoja, Elijah, alizungumza nasi kwa simu akasema, "Mwambieni mzee fulana bado inanitosha, nitailimia bustani," na tukacheka, lakini wako wengine katika ukoo ule ambao mpaka leo hawataki kusikia jina la Idi, na hilo nalo nalisema, kwa sababu yeye mwenyewe angelisema, na safari ya Julai hawakuifuta wala hawakuithibitisha.

Siku ya Ijumaa tarehe 9 Mei, akiwa kitandani, sauti imekwisha kuwa nyembamba, Idi alimwuliza Maryann, "Umenisamehe?" na Maryann, ambaye ni mtu mkweli kama yeye, akamjibu, "Bado, mzee, tumebakisha madaftari mawili," na Idi akasema, "Basi nasubiri," naye alisubiri kadiri alivyoweza, akafariki Jumanne tarehe 13 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka themanini na mitatu, akazikwa siku ile ile baada ya sala ya alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomwita babu na kumwacha awaulize habari za kwao huku wakimchoma sindano, tunawashukuru wenzake wa Olaya waliokuja na mvi zao, watu wa baraza la Al-Shumaisi waliomcheka na kumsikiliza, majirani wa Al-Safa ambao tangu Jumanne jiko langu halijawaka kwa sababu yao, na Damaris, aliyeomba ruhusa kwa madam wake ili aje kunipangia watu na vikombe. Tunamwombea marehemu radhi kwa kila mmoja wenu ambaye alimkosea, kwa kujua au kwa kutojua, na mwenye kusamehe asamehe.

Maryann, uko nasi hapa, umekaa na wanawake, kwako wewe hatuombi kwa haraka. Madaftari mawili yapo, Arwa anaijua khati ya baba yake, njoo Ijumaa, na Ijumaa nyingine, mpaka yaishe, na siku hiyo utasema utakalosema, nasi tutalipokea lilivyo.

Na wewe Idi, baba Yazid, neno la watu umeshalirudisha kwa mkono wako, kusubiri jibu lake tuachie sisi tuliobaki, Mungu akupe makaazi mema, lala, umetembea sana.